Kipa wa Tatu Anyooshe Mkono

(Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi asubuhi mbele ya makipa vijana, wazazi wao na makocha. Wapo waliokosa kufika wakaomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni.)

Ndugu mwenyekiti, makocha wenzangu, wazazi mlioamka alfajiri kuwaleta watoto, na ninyi wanangu mliokaa hapa mbele na glovu mapajani: habari za asubuhi.

Kabla sijasema lolote naomba jambo moja. Walio makipa namba moja kwenye timu zao, wanyooshe mikono. Naam. Shusheni. Namba mbili? Vizuri, shusheni. Sasa kipa wa tatu. Yule ambaye jezi yake ya mechi ikirudi nyumbani haina hata tope la kufua. Nyoosha juu, mwanangu, usijifiche nyuma ya mwenzako. Mmoja, wawili, watatu... wanne. Ahsanteni. Hotuba ya leo ni ya hawa wanne. Wengine mnakaribishwa kusikiliza.

Niliombwa nizungumzie maisha ya kipa mmoja aliyedumu langoni muda mrefu, nami nikamchagua Iker Casillas wa Hispania. Mechi 725 akiwa na Real Madrid. Mechi 167 za timu ya taifa. Kombe la Dunia mara moja, Kombe la Mataifa ya Ulaya mara mbili, Ligi ya Mabingwa mara tatu, ubingwa wa Hispania mara tano. Orodha ya makombe yake mtaipata kwenye simu zenu kabla sijamaliza maji haya. Mimi nataka tutazame kitu kisichoandikwa kwenye orodha. Aliingiaje golini? Nani alitoka ili yeye aingie? Na siku ya kutoka yeye, alitokaje?

Maana goli, wanangu, lina nafasi ya mtu mmoja. Kocha akiwa na mabeki watano wazuri atawapanga wote watano. Akiwa na viungo wengi wazuri atamsogeza mmoja pembeni na mambo yataenda. Lakini hakuna kocha duniani anayepanga makipa wawili. Ukisimama wewe, mwenzako amekaa. Akisimama mwenzako, umekaa wewe. Hakuna njia ya tatu.

Casillas alikulia Móstoles, mji wa wafanyakazi kusini magharibi mwa Madrid. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, mama alikuwa na kazi ya kutengeneza nywele. Alijiunga na timu za watoto za Real Madrid akiwa na miaka 9. Novemba 1997, akiwa na miaka 16, siku moja yuko shuleni kama mlivyo ninyi, akaitwa atoke darasani. Timu ya wakubwa ilikuwa imepungukiwa makipa, na ilikuwa inasafiri kwenda Norway kucheza na Rosenborg kwenye Ligi ya Mabingwa. Mtoto akaacha daftari, akapanda ndege na watu aliokuwa akiwaona kwenye televisheni.

Alicheza? Hakucheza. Alikaa benchi kwenye baridi ya Norway mwisho wa Novemba, Madrid wakafungwa 2-0, akarudi nyumbani. Mkasa umeishia hapo. Na baada ya hapo alirudi kwenye timu za vijana, akangoja karibu miaka miwili. Karibu miaka miwili, wanangu! Wapo hapa waliokaa benchi mechi tatu na tayari mama zao wamenipigia simu.

Katika kungoja huko, Aprili 1999, alikwenda Nigeria na kikosi cha Hispania cha vijana wa chini ya miaka 20, wakatwaa ubingwa wa dunia kwa kuifunga Japan 4-0 mjini Lagos. Humo kikosini alikuwamo kijana wa Barcelona aitwaye Xavi. Hao wawili walikuja kuwa wapinzani wakubwa, kila mmoja na jezi ya upande wake, na miaka ilipofika ambapo mechi za Madrid na Barcelona zilikuwa zinaishia kwenye kusukumana na kutukanana, wao walilinda urafiki wao, wakapewa kwa pamoja Tuzo ya Mwana wa Mfalme wa Asturias mwaka 2012. Kumbukeni, urafiki ule ulianza kwenye timu za vijana. Mtazame aliyekaa kushoto kwako.

Tarehe 12 Septemba 1999 ndipo alipoanza kuidakia Real Madrid kwenye ligi. Ugenini, Bilbao, uwanja wa San Mamés, sare ya 2-2. Kwa nini alicheza? Kwa sababu Bodo Illgner, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1990, alikuwa majeruhi. Mwezi Mei, tarehe 24, mwaka 2000, siku nne tu baada ya kutimiza miaka 19, Casillas alikuwa Paris kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Madrid 3, Valencia 0. Hakuna kipa mdogo kuliko yeye aliyekuwa amewahi kucheza na kushinda fainali ile.

Wengi wakishahadithia hapa husema: basi, mtoto amefika. Hajafika. Golini hakuna kufika.

Msimu wa 2001-02 kocha alimrudisha benchi. Akasimama César Sánchez. Tarehe 15 Mei 2002, Glasgow, uwanja wa Hampden Park, fainali nyingine ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Bayer Leverkusen. Wote mnakumbuka bao la Zidane wa Madrid la mguu wa kushoto, mpira umeshuka kutoka mawinguni naye akaukuta hewani. Mimi nakumbuka dakika ya 68. Madrid wako mbele 2-1, César ameumia, hawezi kuendelea. Casillas anainuka. Anataka kuingia na mikono mifupi kama alivyozoea, jezi ina mikono mirefu. Ikatafutwa mikasi, mikono ya jezi ikakatwa palepale pembeni ya uwanja, akaingia.

Hebu jiwekeni hapo. Hujagusa mpira wa mechi tangu jioni ianze. Mwili umepoa. Wajerumani wanahitaji bao moja. Na dakika za mwisho zikawa za moto: mara ya kwanza akaokoa, mara ya pili akaokoa kwa mguu, mara ya tatu akaokoa tena, vijana wa Leverkusen wanashika vichwa. Filimbi ilipolia alilia machozi hadharani. Zilibaki siku tano atimize miaka 21.

Mwaka huohuo, Kombe la Dunia la Korea na Japan. Kipa namba moja wa Hispania alikuwa Santiago Cañizares, yuleyule aliyesimama kwenye goli la Valencia usiku wa Paris. Wiki chache kabla ya mashindano, akiwa hotelini, chupa ya marashi ikamponyoka bafuni. Kioo kikakata kano ya mguu. Kombe la Dunia likaisha kwake hapo bafuni, kwa chupa ya marashi. Na nani akapewa glovu?

Tarehe 16 Juni 2002, Suwon, Hispania na Jamhuri ya Ireland. Ndani ya muda wa kawaida akapangua penalti ya Ian Harte. Dakika ya 90 Ireland wakapata penalti nyingine, Robbie Keane akasawazisha, 1-1. Wakaenda mpaka mikwaju. Matt Holland akagonga mtambaa panya. Casillas akapangua wa David Connolly, akapangua wa Kevin Kilbane. Hispania wakapita. Tangu hapo Wahispania wakaanza kumwita San Iker, Mtakatifu Iker.

Sasa hesabuni nami. Illgner aliumia, Casillas akaingia. César aliumia, Casillas akaingia. Cañizares alikatwa na chupa, Casillas akaingia. Kila mlango aliopita ulifunguliwa na maumivu ya mtu mwingine. Je, ni kosa lake? Hata kidogo. Hakumsukuma mtu. Yeye alichofanya ni kuwa tayari, mwili na kichwa, siku ambayo hakuna aliyemwambia kuwa ndiyo siku yenyewe. Lakini nawaomba msiisahau hesabu hii, kwa sababu mbele ya safari ilimrudia.

Hapa nataka niwaeleze usiku mmoja wa Julai 2010.

Kombe la Dunia lilikuwa Afrika Kusini, mara ya kwanza kwenye bara letu. Hispania walianza vibaya, wakafungwa na Uswisi 1-0 kule Durban. Magazeti ya kwao yakamgeukia Casillas, na mpaka mchumba wake, mwandishi wa habari wa televisheni, akalaumiwa eti alisimama karibu na goli akamtoa akili. Kipa akifungwa, ndugu zangu, watu hutafuta sababu hata kwenye nguo za majirani.

Tarehe 3 Julai, robo fainali, Ellis Park mjini Johannesburg, Hispania na Paraguay. Mimi nilikuwa kibanda umiza. Wazazi mnakijua: viti vya mbao, joto, televisheni moja juu ya kabati, watu mia wanapumua hewa moja. Ilikuwa inakaribia saa tano usiku. Kipindi cha pili, 0-0, Gerard Piqué anamvuta mkono Óscar Cardozo ndani ya boksi. Penalti. Cardozo mwenyewe anaweka mpira.

Casillas hakuruka ovyo. Alikwenda upande uleule ulikokwenda mpira, akaudaka. Hakuupangua, akaudaka, akaulalia. Kibanda kizima kiliinuka. Dakika chache baadaye Hispania nao wakapata penalti, Xabi Alonso akafunga, mwamuzi akaamuru irudiwe, ya pili kipa Justo Villar akaipangua. Dakika ya 83 mpira wa David Villa ukagonga mwamba huu, ukagonga mwamba ule, ukaingia. 1-0.

Asubuhi yake ndipo nilipojua kilichotokea. Casillas alijuaje upande? Aliambiwa. Aliambiwa na Pepe Reina, kipa namba mbili. Na Reina alijuaje? Aprili ya mwaka uleule Reina alikuwa golini kwa Liverpool, wakacheza na Benfica kule Lisbon, na usiku mmoja Cardozo akamfunga Reina penalti mbili. Mbili! Reina aliokota mpira nyavuni mara mbili, akaondoka na kile alichokiona, akakihifadhi. Miezi mitatu baadaye akakichukua kile alichokinunua kwa kufungwa kwake mwenyewe, akampa mtu anayekalia nafasi yake. Casillas alimshukuru mbele ya waandishi, hakuficha.

Reina hakucheza dakika hata moja kwenye Kombe lile. Hata moja.

Niliposikia habari hii nilikaa chini, kwa sababu nina jambo langu ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Leo nitalisema, kwa kuwa mmenyoosha mikono yenu na mimi ninyooshe wangu.

Zamani nilikuwa kipa wa timu ya mtaa wetu. Chini yangu alikuwapo kijana mmoja mwembamba, mdogo kwangu kwa miaka minne, anadaka vizuri, na watu walikuwa wameanza kulitaja jina lake. Tulikuwa na mechi ya kutolewa. Straika wa wale jamaa nilishakutana naye mara mbili, namjua: akipiga penalti hutazama kushoto kwake, halafu anapeleka kulia. Siku hiyo nilikuwa na malaria, nimekaa pembeni na sweta, kijana yuko golini. Ikatoka penalti. Straika akauweka mpira mchangani. Na yule kijana kabla hajasimama kwenye mstari aligeuka akanitazama. Alinitazama mimi. Nami nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Kamba zilikuwa zimefungwa.

Straika akatazama kushoto, akapeleka kulia. Tukatolewa. Nilipopona nilirudi golini bila mtu kuniuliza neno, na yule kijana hakuniuliza siku zote. Ilikuwa sentensi moja tu, maneno matatu: atapiga kulia kwake. Nilikuwa nayo mdomoni. Mpaka leo, kipa yeyote akigeukia benchi kabla ya penalti, naiona ile sura.

Kwa hiyo mkitaka kujua Kombe la Dunia la 2010 lilishindwaje, msinitajie Iniesta, mfungaji wa bao la fainali, peke yake. Nitajieni Reina.

Fainali, tarehe 11 Julai, Soccer City. Hispania na Uholanzi. Dakika ya 62 Wesley Sneijder anapitisha mpira katikati ya mabeki, Arjen Robben anaondoka peke yake, mbele yake kuna Casillas tu na uwanja mtupu. Makocha, tuitazame hii polepole. Casillas anatokea, anapunguza goli, anasubiri. Robben naye anasubiri. Casillas anakwenda chini upande mmoja, na Robben anapeleka upande wa pili. Mwili wote umeshadanganywa. Lakini mguu wa kulia umebaki nyuma umenyooka, na mpira unagusa ncha ya kiatu, ncha tu, unatoka nje pembeni ya mwamba. Mimi huwaambia vijana wangu: ukienda chini, usiende na mguu wote, acha mguu mmoja kazini. Robben alikuja tena mara ya pili, dakika ya 83, Casillas akauchukua mpira miguuni pake. Dakika ya 116 Iniesta akafunga. Kwenye mashindano yote Hispania walifungwa mabao mawili tu. Casillas akapewa Glovu ya Dhahabu, tuzo ya kipa bora, akanyanyua kombe akiwa nahodha. Picha ile imebandikwa kwenye vibanda vya vinyozi mpaka leo.

Tukae hapo juu kidogo, maana kushuka kunaanza.

Tarehe 22 Desemba 2012, Real Madrid wako Málaga. Kocha José Mourinho anamweka Casillas benchi, anampanga Antonio Adán. Nahodha wa mabingwa wa dunia, nahodha wa mabingwa wa Ulaya, amekaa na koti. Madrid wakafungwa 3-2. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 23 Januari 2013, mechi ya Kombe la Mfalme na Valencia, katika purukushani ya kuokoa mpira mchezaji mwenzake anampiga teke mkononi kwa bahati mbaya. Mfupa unavunjika. Klabu inamleta Diego López kutoka Sevilla. Diego López anadaka vizuri. Na mkono wa Casillas unapopona, golini kuna mtu.

Mnaiona ile hesabu? Sasa maumivu yaliyofungua mlango ni ya kwake, na anayeingia ni mwingine.

Msimu uliofuata kocha mpya, Carlo Ancelotti, aligawa kazi: ligi kwa Diego López, Ligi ya Mabingwa na Kombe la Mfalme kwa Casillas. Ndivyo alivyofika fainali ya Lisbon, tarehe 24 Mei 2014. Miaka kumi na minne kamili, siku kwa siku, tangu usiku wa Paris. Dakika ya 36 mpira wa juu wa Atlético Madrid unaingia kwenye boksi. Casillas anatoka. Anatoka, hafiki. Diego Godín anapiga kichwa, mpira unamvuka, anageuka, anakimbia nyuma, anaufikia umeshavuka mstari.

Wangapi hapa wameshatoka wasifike? Mnyooshe tu, hata mimi nanyoosha. Mnajua ule mgeuko. Ile hatua mbili tatu za kukimbilia goli lako mwenyewe ukiona mpira unatangulia. Hakuna upweke kama ule.

Dakika ya 93 Sergio Ramos akasawazisha kwa kichwa, na katika muda wa nyongeza Madrid wakashinda 4-1. Casillas akanyanyua kombe. Lakini fikirini Ramos asingefunga. Kipa hubebwa pia, na asiyekiri hilo hajadaka muda mrefu.

Siku ishirini baadaye, tarehe 13 Juni, Salvador nchini Brazil, mabingwa wa dunia walifungwa na Uholanzi 5-1. Lile la kichwa la kuruka la Robin van Persie mnalijua. La nne ndilo linaloniuma mimi: mpira wa kurudishwa, Casillas anaugusa vibaya, van Persie anaunyakua miguuni pake na kufunga. Uwanja wote unaona, dunia yote inaona. Baada ya mechi alikubali mbele ya waandishi kwamba hakucheza kama inavyompasa. Chile wakawamaliza siku tano baadaye. Na aliporudi Madrid, nyumbani kwake Bernabéu, mashabiki wake mwenyewe walikuwa wanampigia miluzi.

Tarehe 12 Julai 2015 akaingia kwenye chumba cha waandishi cha uwanja ule. Meza ndefu, kiti kimoja, karatasi mkononi. Hakuna kiongozi wa klabu aliyekaa pembeni yake. Miaka 25 tangu alipoingia pale mtoto wa miaka 9. Akajaribu kusoma, sauti ikakata. Akanyamaza, akafuta macho, akasoma tena. Kesho yake klabu ilimwita kwenye hafla nyingine, kukawa na rais na makombe mezani, lakini picha iliyobaki kwa watu ni ile ya mtu mmoja na karatasi yake. Mimi binafsi niliona haikustahili. Mfanyakazi wa miaka 25 husindikizwa mpaka mlangoni.

Alikwenda Porto, akawa bingwa wa Ureno mwaka 2018. Tarehe 1 Mei 2019 akiwa mazoezini alipata mshtuko wa moyo, akakimbizwa hospitali. Miaka 37. Aliokolewa, lakini mechi hakucheza tena, na tarehe 4 Agosti 2020 akatangaza kustaafu.

Sasa nirudi kwa wanne wangu, na nirudi nyuma mwaka 2008, kwa sababu nimewaficha kitu.

Kabla ya Casillas, Hispania ilikuwa na kipa aliyeitwa Luis Arconada, wa Real Sociedad, nahodha, mmoja wa makipa bora wa zama zake. Tarehe 27 Juni 1984, fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya mjini Paris, Hispania na Ufaransa. Michel Platini akapiga mpira wa adhabu. Arconada akaulalia, akadhani ameudaka. Mpira ukapenya chini ya mbavu zake, ukajivuta polepole ukavuka mstari. Ufaransa wakashinda 2-0. Mashindano yote yale Arconada alikuwa amewabeba wenzake, lakini mpaka leo ukimtaja, mtu anakutajia ule mpira. Miaka ishirini na nne Hispania haikufika fainali nyingine.

Mwaka 2008 wakafika, Vienna. Robo fainali, palepale Vienna, Casillas alikuwa amepangua mikwaju miwili ya Italia, wa Daniele De Rossi na wa Antonio Di Natale, huku goli la pili yuko Gianluigi Buffon. Fainali wakaifunga Ujerumani 1-0. Wachezaji wanapanda mmoja mmoja kuchukua medali. Na anayetoa medali ni nani? Michel Platini, wakati huo rais wa shirikisho la mpira la Ulaya.

Kwenye msururu ule yupo mtu anaitwa Andrés Palop. Kipa wa tatu. Nyuma ya Casillas, nyuma ya Reina. Palop hakuwahi kuichezea timu ya taifa ya Hispania mechi hata moja, si siku ile, si kabla, si baada. Lakini kwenye begi lake alikuwa amebeba kitu. Anapanda ngazi kumfuata Platini, na amevaa jezi kuukuu ya kipa. Jezi ya Arconada. Ileile ya 1984.

Kikosi kizima kile, mabingwa wote wale, aliyemkumbuka Arconada ni kipa wa tatu. Akamvalisha medali ya dhahabu miaka ishirini na nne baadaye, mbele ya mtu yuleyule aliyemfunga. Casillas alinyanyua kombe usiku ule, na alistahili. Lakini nikiulizwa usiku ule ni kipa gani wa Hispania aliyedaka mpira mgumu kuliko wote, najibu Palop.

Basi, saa yangu imekwisha, na jua linapanda. Tunakwenda uwanjani. Wale wanne mlionyoosha mikono mwisho, vaeni glovu, tangulieni golini, mipira hamsini ya kwanza ni yenu. Makipa namba moja watawapigia, na makipa namba moja ndio watakaookota. Na kabla ya kila penalti, namba mbili asimame nyuma ya nyavu, amwambie mwenzake anachokijua. Kwa sauti. Nataka nisikie nikiwa kule kwenye kona.